Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Meja Tisa: Wapiga Kinanda wa Kigoma Ambao Hakuna Anayewataja

Jumapili saa nne asubuhi, kanisa lolote kubwa pale Mwanga, Kigoma mjini. Watu wamejaa mpaka wengine wamehamia nje chini ya mwembe. Kwaya imesimama mbele na sare mpya, mwalimu wa kwaya anapunga mikono, simu zimeinuliwa kila kona zinarekodi. Pembeni kabisa, kati ya spika na ukuta, kuna kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kinanda chake kiko juu ya meza ya darasani. Hatazami watu wala kamera. Anatazama mdomo wa mwalimu tu, maana ndiyo njia pekee ya kujua kama wanarudia kiitikio au wanaenda ubeti wa tatu.

Wiki mbili baadaye wimbo unapanda YouTube. Chini pale wameandikwa wote: kwaya, mtunzi, mwongozaji, aliyeshika kamera, mara nyingine hadi fundi aliyeshona sare. Yule wa kiti cha plastiki hayumo. Na kama una masikio utagundua kwamba kile kitu kilichokusisimua sekunde ya arobaini, pale kabla sauti ya kwanza haijaingia, kilitoka kwenye vidole vyake. Alipiga kodi moja hivi, pana, tamu, yenye kaubaridi ndani yake, kama upepo wa ziwani saa kumi na mbili jioni.

Hii ni habari ya ile kodi, na ya watu walioifikisha pale. Majina yao mengi hayakuandikwa popote, kwa hiyo usishangae ukimaliza kusoma bila kukutana nayo.

Kwanza neno lenyewe. Kodi inayozungumziwa hapa siyo ya TRA, wala siyo ile mwenye nyumba anayokufuata nayo tarehe moja. Ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kodi ya kawaida ina sauti tatu, na kila mwanakwaya anazijua: do, mi, so. Ukikaa kwenye C, ni C, E na G. Angalia zilivyopangwa: unapiga kitufe kimoja cheupe, unaruka kimoja, unapiga kingine, unaruka, unapiga. Mtoto wa miaka sita anaweza kufundishwa hilo kwa dakika mbili.

Sasa kila mpiga kinanda mwenye udadisi kuna siku hujiuliza: na nikiendelea kuruka je? Ukiendelea unaipata B, yaani ti. Hiyo ni sauti ya saba ukihesabu kuanzia C, ndiyo maana kodi yake inaitwa meja saba, au kwa midomo ya vijana wenyewe, “meja seveni”. Ruka tena unaipata D ya juu. Ukiihesabu ni ya tisa, kwa hiyo umefika meja tisa. Ukiendelea kuna F, ya kumi na moja, halafu A, ya kumi na tatu. Hapo umezimaliza sauti zote saba za ngazi ya muziki. Ukiruka tena unarudi nyumbani, C.

Kuna kosa moja ambalo wanaoanza wanalifanya sana. Ukiishusha ile B nusu sauti, ikawa B flati (kile kitufe cheusi cha kushoto kwake), hiyo siyo meja saba tena. Ni saba ya kawaida, ile ya blues, yenye kiu, inayotaka kwenda mahali fulani haraka. Meja saba haina haraka. Imekaa kama mtu aliyeketi Bangwe jioni anaangalia jua linazamia upande wa Kongo. Tofauti ni kitufe kimoja tu, lakini ukikosea unageuza swala kuwa chui katikati ya ibada.

Haya, kinanda kilifikaje huku?

Jina lilitangulia chombo. Pwani ya Waswahili, zamani, neno kinanda lilitumika kwa chombo cha nyuzi cha kukwanyua, ndugu wa gambusi na udi. Ng'ambo ya kaskazini, Burundi, kuna inanga, ubao wenye nyuzi unaopigwa taratibu huku mtu akinong'ona hadithi. Ukiyasikia majina hayo mawili pamoja, kinanda na inanga, unaona kabisa yanatazamana. Ujiji ilikuwa katikati yao. Karne ya 19 mji ule ulikuwa kituo cha misafara kutoka Unguja na Bagamoyo, mji wa pembe za ndovu, chumvi, samaki, na bila kuficha, mji wa soko la watu. Burton na Speke walifika pale Februari 1858 wakawakuta wafanyabiashara wa pwani wameshazoea. Kiswahili kilikuwa kimeshaingia. Kwa hiyo neno kinanda lilikuwa na kila sababu ya kujulikana Ujiji kabla ya mtu yeyote pale kukiona chombo chenye vitufe vyeupe na vyeusi.

Agosti 1878 wakafika wamisionari wa London Missionary Society. Januari 1879 wakafuata Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Wote walikuja na kitu kimoja ambacho hakikuwa na uzito wowote: nyimbo za kanisa. Wamisionari wa Kiingereza popote walipokwenda walipenda kutumia do-re-mi ya kuandikwa kwa herufi, mfumo uliobuniwa Uingereza na mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, kisha ukasambazwa na John Curwen. Hauhitaji mistari mitano wala matone yenye mikia. Unahitaji ubao na chaki. Ndiyo maana mpaka leo kuna walimu wa kwaya Tanzania ambao wanaandika wimbo mzima kwa d, m, s na l kwenye daftari la shule na wanakwaya sitini wanausoma.

Kinanda chenyewe kilikuwa kazi nyingine. Kabla ya reli, kila kilichofika Ujiji kutoka pwani kilifika juu ya kichwa au bega la mtu. LMS walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30, na safari ya zaidi ya kilomita elfu moja ilichukua miezi. Ulaya wakati ule kulikuwa na vinanda vidogo vya kukanyaga, vya kukunjika kama sanduku, vilivyopendwa sana na wamisionari na mapadri wa majeshi kwa sababu hizohizo za safari. Unakanyaga pedali mbili, upepo unaingia, vipande vya shaba vinatetemeka, sauti inatoka kama mtu mwenye mafua anayejitahidi kuimba. Vyombo vya namna hiyo, kila vilipopelekwa bara enzi za misafara, vilitembea kwa miguu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Vitabu vya safari vina jina la kila mzungu aliyepata homa njiani. Wapagazi ni idadi tu.

Sasa weka hili pembeni yake. Mwaka 1888, Ujiji bado ikiwa mji wa misafara, kule Paris kijana mmoja mpiga piano wa vilabuni, Erik Satie, alitunga vipande vitatu vinavyoitwa Gymnopédies. Cha kwanza kinaanza na kodi mbili za meja saba zinazopishana taratibu, moja, nyingine, moja, nyingine, bila kwenda popote. Leo unaisikia kwenye matangazo ya biashara na filamu za huzuni unaona kawaida. Wakati ule ilikuwa ukorofi. Kwa karne nzima na zaidi walimu wa Ulaya walikuwa wakifundisha kwamba ile ti iliyogongana na do ni mkwaruzo. Ukiipiga lazima uiandae kabla na uitulize baada. Satie aliiacha imekaa. Baadaye Debussy na Ravel wakaongeza ya tisa na zaidi, wapiga jazi wa Marekani wakazichukua wakazifanya mkate wa kila siku, na makanisa ya Wamarekani weusi yakazitia ndani ya organi za Hammond, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1935. Kumbuka njia hiyo, maana ndiyo itakayofika Kigoma kwa mzunguko mrefu sana.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wenyewe wanasema mwisho wa reli, na wanasema kwa majivuno. Mzigo uliotikisa mji mwanzoni ulikuwa meli nzima iliyokatwakatwa na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 kutoka Papenburg, Ujerumani: Graf von Götzen, ambayo ilishushwa majini Februari 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mji ulioweza kupokea meli kwa masanduku haukuhitaji tena kichwa cha mpagazi kwa ajili ya kinanda cha kanisa.

Lakini kile kinanda cha misheni kilifundisha sauti tatu tu. Waliojifunza kukipiga walikuwa walimu wa shule, makatekista, vijana wa seminari. Walifundishwa kufuata sauti nne za kitabu kama zilivyo. Do, mi, so, fa, la, do, so, ti, re, amina. Ukigusa kitu kingine ulikuwa umekosea, na padri alisikia. Kiukweli ulikuwa msingi mzuri sana. Mzee aliyepitia mkono ule mpaka leo anaweza kukupigia tenzi hamsini bila kitabu, na vidole vyake haviteleziki. Tatizo ni kwamba wengi wao walikufa wakiamini kwamba muziki una kodi nne.

Aliyepasua ukuta huo alikuja kwa redio, na chombo chake kilikuwa gitaa. Kuanzia miaka ya 1950 rumba ya Kongo ilikuwa imejaa hewani, na Kigoma iko mlangoni kabisa. Ukiipekua rumba ya zamani utakuta kodi zake ni zilezile tatu za misheni: ya kwanza, ya nne, ya tano. Ajabu iko kwenye magitaa yanavyopishana. Gitaa moja limeshika do na mi, lingine linashuka kutoka la kuja so, la tatu linapita juu kwenye re. Kwa nusu sekunde zile sauti zinakutana, na kilichosikika ni kodi yenye sita na tisa ndani yake, ingawa hakuna mtu hata mmoja aliyeikusudia. Halafu inapotea. Masikio ya watu wa mwambao wa Tanganyika yaliisikia ile ya tisa namna hiyo kwa miaka mingi, vipandevipande, kabla haijashikwa na mkono mmoja.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Nyimbo nyingi za kale za ukanda huu wa maziwa makuu zinakaa kwenye sauti tano: do, re, mi, so, la. Zipige zote tano kwa pamoja. Umepata kodi ambayo vitabu vya jazi vinaiita sita-tisa. Bibi anayetwanga huku akiimba Mwandiga na mpiga piano wa hoteli ya Chicago wanachota kisima kimoja, ila mmoja anachota kwa kata na mwingine anamwaga ndoo nzima.

Halafu wakaja watu. Kila moto uliowaka ng'ambo ulivusha watu ziwa au mpaka, na waliovuka walikuwa na nyimbo. Mwaka 1972 Warundi wengi sana walikimbilia Tanzania. Wengine wakapelekwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na kutoka pale ikatokea Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, ambayo kama mama yako hakuwa na kaseti yake basi jirani yake alikuwa nayo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Mei 2015 Warundi walifurika tena kijiji cha Kagunga, mlima nyuma na ziwa mbele, kipindupindu kikaingia, na ile Liemba ya masanduku 5,000 ikatumika kuwavusha mpaka Kigoma. Mtu anayekimbia habebi kinanda. Anabeba vidole, na vidole vilivyozoea hukitafuta kinanda hata kambini, penye jua la kuchaji betri na kanisa la turubai. Wapiga kinanda wa Kigoma mjini wanajua jambo hilo, hata kama hawalisemi kwa sauti: Mkongo akiingia kanisani kwako na kuomba “nijaribu kidogo”, mpishe kiti, halafu kaa karibu uone anafanya nini mkono wa kushoto.

Kinanda cha umeme ndicho kilichokutanisha haya yote. Piano la mbao haliwezi kuishi kirahisi mwambao ule. Unyevu wa ziwa unalegeza nyuzi, mchwa nao hawachagui, na fundi wa kulikaza unamtafuta wapi? Kinanda cha plastiki chenye betri hakina shida hizo. Kuanzia miaka ya 1980 sauti ya piano ya umeme ile ya kioo-kioo, iliyotamba na Yamaha DX7 ya 1983, ikaingia kwenye muziki wa dunia nzima, na mpaka leo iko ndani ya karibu kila kinanda utakachokuta kanisani. Halafu zikaja video za kwaya kubwa za Afrika Kusini kama Joyous Celebration, kundi lililoanzishwa 1994, ambamo meja saba na tisa zimetapakaa kama chumvi. Ile njia ya Paris, jazi, Hammond, kanisa la Marekani, Johannesburg, ikafika kwenye runinga ya sebuleni Katubuka. Kijana akarudisha nyuma sekunde kumi. Akarudisha tena.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Ugomvi wenyewe unajulikana kila kanisa. Kijana amejifunza kodi zake mpya kwenye simu usiku kucha, bando limeisha, macho mekundu. Jumapili anazimwaga zote kwenye wimbo wa zamani ambao wazee wanaupenda. Sauti ya kwanza inayumba. Wamama wanaangaliana. Baada ya ibada mzee wa kanisa anamwita pembeni: “Mwanangu, unatuchafulia wimbo.” Kijana anainamisha kichwa, “Nisamehe mzee wangu,” lakini moyoni anasema wazee wamepitwa na wakati. Wapo walioacha kinanda kabisa kwa maneno ya namna hiyo. Wapo pia waliohama kanisa.

Ukweli ni kwamba mzee ana haki, ila hajui kwa nini. Sababu ni ya muziki kabisa, haina uhusiano na umri. Tenzi nyingi zinamalizia mstari kwenye do. Kwaya imeshika do, kwa nguvu, watu sitini. Wewe chini yao umepiga meja saba, kwa hiyo umeweka ti, nusu sauti tu kutoka kwenye do yao. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anasikia vitu viwili vinasuguana na hajui ashike kipi, basi anashuka kidogo, mwenzake naye anashuka, mpaka ubeti wa nne kwaya nzima iko chini ya kinanda. Kijana anasema kwaya haijui kuimba. Kwaya inasema kinanda kimeharibika.

Dawa yake wakongwe wanayo. Wimbo ukitua kwenye do, achana na ti. Weka la na re. Yaani C, E, G, A, D: ileile sita-tisa ya sauti tano. Inapendeza, haikwaruzi mtu, na bibi wa Mwandiga anaijua tangu kinuni. Meja saba iweke pale wimbo unaposhika mi au so, hapo ti inapata nafasi ya kung'aa. Kijana aliyelishika jambo hili dogo haitwi tena pembeni baada ya ibada. Anaitwa harusini.

Kuna ukorofi mwingine uko kwenye F, ile ya kumi na moja. Ukikaa kwenye kodi ya C ukaiweka F juu, inagombana na E iliyoko katikati, nusu sauti tena, na hii ni mbaya kuliko ile ya ti kwa sababu E ndiyo inayoifanya kodi iwe meja. Ndiyo maana wapiga jazi huipandisha F nusu sauti ikawa F kali, kitufe cheusi, na ghafla kodi inafunguka kama dirisha. Lakini C ndiyo nyumbani, na kile kitufe cheusi ni mgeni wa ufunguo huo. Kwenye tenzi kinasikika kama mtu aliyevaa miwani ya jua msibani. Sasa hamia kodi ya nne, F yenyewe. Anza kuruka: F, A, C, E, G, B, D. Sauti zote saba, vitufe vyeupe vitupu, na hakuna hata moja inayogombana na nyumbani. Ile ya kumi na moja hapa ni B, nayo tayari iko juu bila kupandishwa. Kwa hiyo anayetaka kumwaga ndoo nzima aimwage kwenye ya nne. Kwenye ya tano aache kabisa mambo ya meja saba, maana pale ngazi yenyewe inatoa saba ya kawaida, ile yenye kiu, ambayo kazi yake ni kukurudisha nyumbani.

Mikono je? Kosa la kila anayeanza ni kurundika kila kitu chini. Kodi yenye sauti tano ikipigwa upande wa kushoto wa kinanda inatoka kama lori la dagaa limekwama matopeni. Mkono wa kushoto ubaki na C na G tu, au C peke yake. Wa kulia ushike E, B na D. Basi, hiyo ni meja tisa kamili na haina hata jasho. Kukiwa na mpiga besi, mwachie do yake, ukimng'ang'ania mtagombana. Na kuna njia ya mkato ambayo husambazwa kwa kunong'onezana kama siri ya ukoo: shika C kushoto, kulia piga kodi ya kawaida ya G, yaani G, B, D. Umepata ladha ya meja tisa kwa kodi uliyoijua tangu darasa la kwanza. Ukiipiga kodi ya D meja juu ya C hiyohiyo, unapata tisa, kumi na moja kali na kumi na tatu kwa mpigo mmoja. Hiyo usiipeleke kwenye tenzi. Ipeleke studio.

Studio nako wapo, na nako hawatajwi. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars wakatoa Leka Dutigite, wimbo wenye jina la Kiha, na nchi nzima ikaanza kuhesabu ni mastaa wangapi wa Bongo Fleva wametoka mwisho wa reli. Sura zao zinajulikana. Lakini Bongo Fleva ya mapenzi, ile ya taratibu, mara nyingi inasimama juu ya kodi mbili tatu za piano zilizopigwa mwanzoni, na mtu aliyezipiga mara nyingi amefundishwa na kanisa. Analipwa mara moja, anaondoka. Wimbo ukipigwa redioni miaka kumi, jina linalosomwa ni la msanii na la prodyuza. Ukiuliza nani kapiga kinanda utajibiwa “jamaa mmoja hivi”. Ujiji kwenyewe, mji wa misikiti na maulidi, mambo ni yaleyale upande wa taarabu ya harusini: mwimbaji anatuzwa noti usoni, mpiga kinanda anaambulia soda na nauli.

Baadhi yao wanajiumiza wenyewe pia, hilo lisemwe. Kuna kitufe kwenye kinanda kinaitwa transpozi. Unapiga kwenye C siku zote, mashine inakuhamishia wimbo kwenye ufunguo wowote. Ni mkombozi, na kimewatoa wengi pale ambapo mwimbaji anaanza wimbo popote roho inapompeleka. Lakini aliyekizoea akikutana na piano la kweli, kama yale ya kwenye hoteli za Dar, anabaki uchi. Anaijua meja tisa moja tu duniani. Zipo kumi na mbili, na kila moja ina umbo lake mkononi. Wanaopita hatua hiyo ni wachache, na ukiwauliza walifanyaje watakwambia jambo lisilo na mvuto wowote: walikizima kile kitufe, wakakubali kupiga vibaya kwa mwaka mmoja.

Ibada ikiisha, kwaya inatoka nje kupiga picha. Yule wa kiti cha plastiki anabaki ndani anakunja waya. Watoto wa Shule ya Jumapili wanamzunguka kama kawaida, kila mmoja anataka kubonyeza kabla umeme haujachomolewa. Mmoja, kadogo, viatu mkononi, ananyoosha vidole vitatu anapiga C, E, G, anacheka. Kijana anaacha waya. Anakishika kidole chake cha mwisho, anakisogeza kulia.

“Ruka kimoja,” anamwambia. “Haya, piga sasa.”